Gari likichuchumaa: springi nzito hubeba nini, na nini hazibebi

Gari likianza kuchuchumaa nyuma, Malindi nzima hugeuka makanika. Mmoja atakwambia uongeze lifu moja tu, basi. Wa pili ataitikisa bodi, aseme springi hazina neno, shoki ndizo zilizokufa. Wa tatu ana lifu za lori nyuma ya banda lake na yuko tayari kukukatia leo hii. Wa nne amesikia ziko springi za kutoka Australia ambazo ukizifunga gari hubeba nusu tani zaidi. Wanatumia maneno yaleyale, ila kila mtu ana maana yake kichwani, na mwenye gari ndiye anayelipia tofauti hiyo: leo lifu, mwezi ujao shoki, mwezi wa tatu ekseli.

Mkanganyiko huu una asili yake. Land Cruiser inayopeleka watalii Tsavo Mashariki kwa njia ya Kakoneni na Langobaya hadi geti la Sala huchuchumaa. Pikapu inayotoka Gongoni na magunia ya chumvi huchuchumaa. Hilux inayoteremsha mahindi kutoka Marafa nayo huchuchumaa. Lakini hazichuchumai kwa sababu moja, na dawa ya moja huweza kuwa sumu kwa nyingine.

Tuanze na maneno

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Huja kwa sura mbili kuu. Koili ni chuma cha mviringo kilichosokotwa kama ngazi ya kuzunguka. Lifu ni vyuma bapa vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, vikashikwa katikati kwa bolti moja inayoitwa senta bolti. Land Cruiser za modeli ya 78 na 79, tangu 1999, zina koili mbele na lifu nyuma. Za 75 zilizozitangulia zilikuwa na lifu pande zote. Defender za zamani zina koili kote. Hilux hubeba mzigo wake kwa lifu za nyuma.

Shoki haibebi kitu. Springi ni pembea. Shoki ni mkono unaoizuia isiendelee kwenda na kurudi. Ukiivua shoki, gari lililosimama litabaki pale pale lilipokuwa, au litashuka kidogo mno ikiwa shoki ilikuwa ya gesi. Kwa hiyo gari lililochuchumaa likiwa limesimama halijachuchumaa kwa sababu ya shoki, hata kama shoki zenyewe zimekufa kweli.

Raba ya kugotea ni kile kipande cha mpira kilicho chini ya chesisi, juu ya ekseli. Ndiyo ngome ya mwisho. Nafasi iliyopo kati yake na ekseli ndiyo safari iliyobaki kwa gurudumu kupanda linapokutana na shimo. Ikiisha, chuma kinapiga chesisi.

Yamebaki mawili yanayochanganywa kuliko yote: ugumu na kimo. Fikiria kitanda cha kamba. Kamba zilivyokazwa ndio ugumu. Urefu wa matendegu ndio kimo. Ukiweka tofali chini ya kila tendegu, kitanda kimeinuka, lakini mtu akilala bado anazama kiasi kilekile alichokuwa akizama jana. Ukikaza kamba, anazama kidogo, ijapokuwa matendegu ni yaleyale. Springi mpya inaweza kubadilisha kimoja au vyote viwili, na muuzaji asiyekueleza ni kipi anakuuzia kitanda usichokijua.

Ugumu hupimwa kwa kilo zinazohitajika kuibonyeza springi milimita 1. Chukua springi ya nyuma yenye ugumu wa kilo 6 kwa milimita. Mzigo wa kilo 480 juu ya ekseli ya nyuma hugawanyika kwa springi mbili, kilo 240 kila upande. 240 gawanya kwa 6, gari linashuka milimita 40. Weka springi ya kilo 8 kwa milimita: linashuka milimita 30. Ndiyo hesabu yote. Hiyo milimita 10 uliyookoa ndiyo uliyonunua, na ni vyema ujue hivyo kabla hujaenda dukani ukitarajia gari lisimame kama limeganda.

Pima kwanza, lawama baadaye

Watu wengi hawajui gari lao lina uzito gani. Hebu tujumlishe Land Cruiser ya safari ya Sala. Dereva na abiria sita kwa wastani wa kilo 75: 525. Matairi mawili ya akiba na rimu za chuma, takriban kilo 70. Madumu manne ya maji ya lita 20: kilo 80. Madumu mawili ya dizeli: lita 40, ila dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kilo 34 hivi. Jeki, spana, kamba na sepetu: 60. Vinywaji na barafu: 40. Mabegi sita ya kilo 15: 90. Umefika kilo 899, na bado hujaihesabu keria ya chuma juu wala bamba la chuma mbele. Kwa pikapu ya Marafa hesabu ni nyepesi zaidi: gunia la mahindi ni kilo 90, na magunia kumi ni kilo 900 kabla mtu hajapanda juu yake, na mtu daima hupanda.

Uzito pekee hautoshi. Mahali ulipowekwa ni nusu ya kesi. Anayesukuma mkokoteni wa maji anajua hili bila kwenda shule. Madumu yakirundikwa nyuma ya gurudumu, mikono ya mkokoteni huruka juu na yeye ananing'inia. Gari ni vivyo hivyo. Chukua yale matairi mawili ya kilo 70 yaliyofungwa kwenye mlango wa nyuma, mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3. Ekseli ya nyuma haibebi kilo 70. Inabeba 98, na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 28. Tezi imezama, omo imeinuka, na usukani umekuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Kabla ya kununua springi, sogeza vitu vizito mbele ya ekseli ya nyuma na chini kadiri iwezekanavyo. Dawa hii haina bei, ndiyo maana haina wa kuitangaza.

Kisha chukua tepu. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa matao ya bodi, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu mahali tambarare. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Andika. Lipakie gari kama linavyosafiri, watu wakiwa ndani, pima tena. Pima pia nafasi ya raba za kugotea katika hali zote mbili. Ukipata mizani ya lori mahali, pandisha ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha gari zima.

Namba hizo zitakupa majibu ambayo maneno hayawezi. Gari tupu likiwa chini kuliko kipimo cha kiwanda, au upande mmoja ukiwa chini ya mwingine kwa zaidi ya milimita 10 hadi 15, springi zimechoka au moja imevunjika. Gari tupu likiwa sawa lakini likishuka mno likipakiwa, springi ni nzima, ila mzigo umezidi ugumu wake. Na gari likishuka kidogo tu lakini likirukaruka mara tatu nne baada ya kila tuta, basi hapo ndipo yule bwana wa shoki alikuwa na haki.

Mzigo wa kila siku na mzigo wa msimu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu hununua springi kwa ajili ya siku nzito kuliko zote za mwaka, kisha anaziendesha siku mia tatu akiwa na dumu moja na mkeka.

Springi ngumu chini ya gari tupu haibonyei. Tairi likigonga jiwe, badala ya springi kulimeza pigo, gari zima hurushwa. Nyuma hurukaruka kwenye vijituta vile vya barabara ya vumbi vilivyofuatana kama bati, matairi yanaachana na ardhi, na breki ikikanyagwa hapo hakuna inachokishika. Abiria wa nyuma wanalalamika, taa zinalegea, keria inapasuka kwenye mashono ya welding. Mwili wa binadamu hustahimili vizuri mpando na mshuko wa mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, kwa kuwa ni karibu na mwendo wa kutembea. Kadiri springi inavyozidi ugumu kwa uzito uleule, mtikisiko unazidi kasi, na ndio huo unaoumiza kiuno.

Kwa hiyo gawanya mzigo wako mara mbili. Kuna wa kudumu, usiotoka garini: keria, bamba la chuma, matairi ya akiba, vyombo, tangi la pili la dizeli. Kuna wa kuja na kwenda: watu, maji, mabegi, magunia. Springi huchaguliwa kwa ule wa kudumu pamoja na kiasi cha kawaida cha ule mwingine. Watengenezaji wazuri huandika springi zao kwa lugha hiyo: hii ni ya gari lisilo na nyongeza, hii ni ya kilo 200 hivi za kudumu, hii ni ya 400 hivi. Ukienda dukani na namba zako mkononi, mazungumzo ni ya dakika tano. Ukienda na neno "nzito", utauziwa nzito.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukitegemea ni hiki: gari likiwa limepakiwa mzigo wake wa kawaida, nafasi ya raba ya kugotea ibaki angalau vidole vinne, takriban milimita 70. Gari la watalii linalojaa Agosti na Desemba na kulala tupu wakati wa masika lisifungwe springi za Desemba.

Na ile Desemba yenyewe? Upo msaada wa kuongeza na kuondoa. Lifu nyingi za kiwandani zina chuma kimoja kinene cha chini, karibu kimenyooka, kisichogusana na wenzake mpaka gari lipakiwe. Huyo ni msaidizi, analala hadi aitwe. Kwa koili kuna mifuko ya upepo inayoingizwa ndani ya koili na kujazwa kama tairi, ikapunguzwa mzigo ukishuka. Mifuko hiyo ni mizuri kwa koili. Kwa lifu, tahadhari. Lifu huishika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma; mfuko unaowekwa kati ya ekseli na chesisi huisukuma sehemu moja tu, katikati. Pikapu ya milango minne yenye mzigo mzito nyuma ya ekseli, ikipiga mashimo huku mfuko umejaa, hupinda chesisi hapo hapo nyuma ya kabini. Si hadithi, ni jambo linalojulikana sana kwa magari ya namna hiyo.

Hesabu ya lifu, na kwa nini lifu ya lori ni balaa

Ugumu wa lifu hautegemei idadi yake pekee. Unategemea zaidi unene, na si unene tu, bali unene mara unene mara unene. Lifu ya milimita 7: 7 × 7 × 7 ni 343. Lifu ya milimita 8: 8 × 8 × 8 ni 512. Milimita moja, ambayo jicho halioni, imeongeza ugumu kwa karibu nusu. Sasa chukua lifu ya lori ya milimita 12: 12 × 12 × 12 ni 1,728. Upana na urefu vikiwa sawa, lifu hiyo moja ina nguvu ya lifu tano za milimita 7. Umeiweka chini ya rundo la lifu tano ukidhani umeongeza moja. Umeongeza tano.

Na mbaya zaidi, lifu nene huchoka upesi kuliko nyembamba zikikunjwa kiasi kilekile. Ile ya lori haikunjiki pamoja na wenzake. Inabeba peke yake, inawaachia wenzake wanyong'onyee, hadi siku ivunjike au iivunje senta bolti. Senta bolti ikikatika, ekseli inateleza kwenye springi na gari linaanza kutembea upande kama kaa. Ukitaka kuongeza lifu, ongeza ya unene uleule na mkunjo unaokaribiana na zilizopo, ya urefu unaofuata kwenye rundo. Kwenye rundo la tano, nyongeza ya namna hiyo hupandisha ugumu kwa takriban asilimia 20 ikiwa ni ndefu, pungufu ikiwa fupi. Kwa magari mengi yanayolalamikiwa, hiyo inatosha.

Koili nayo ina ukali wake. Ugumu hufuata unene wa waya, safari hii unene mara unene mara unene mara unene: kutoka milimita 15 kwenda 16, mengine yote yakiwa sawa, ni nyongeza ya asilimia 29. Wanaokata duru moja ya koili ili gari "likaze" hupata ugumu kidogo kweli, ila hupoteza kimo, na mwisho uliokatwa haukai vizuri kwenye kiti chake.

Kukunja lifu upya ni desturi ya zamani. Lifu iliyonyooka hupigwa nyundo hadi ipinde tena. Gari linasimama vizuri wiki kadhaa, kisha linarudi lilikotoka, kwa sababu chuma kilichokunjwa baridi hakikupewa nguvu mpya. Ili lifu ipate uhai wake lazima ipashwe moto hadi takriban nyuzi 850, izimwe kwenye mafuta, kisha ipashwe tena kati ya 450 na 500 ili isiwe kavu kama glasi. Banda lenye tanuri la kupima joto linaweza. Banda lenye gesi ya welding na jicho la fundi haliwezi, na moto wa gesi kwenye sehemu moja ya springi, iwe lifu au koili, huacha doa laini ambalo ndipo itakapopasukia. Kuchomea springi iliyovunjika hakuna mjadala. Usifanye.

Shekeli ndefu ni ujanja mwingine. Shekeli ni vile vibamba viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya lifu. Ukiweka ndefu kwa milimita 50, gari huinuka nusu yake tu, milimita 25, ekseli inageuka kidogo na shafti ya propela inapata pembe mpya isiyoipenda. Ugumu haujabadilika hata chembe. Vipande vya kuinulia, viwe vya mpira juu ya koili au vya chuma kati ya ekseli na lifu, ni matofali chini ya matendegu.

Kile ambacho springi haiwezi kuongeza

Tumefika kwa yule bwana wa nne na nusu tani yake. Kila gari lina uzito wa juu uliowekwa na kiwanda, gari pamoja na vyote vilivyomo, na aghalabu umeandikwa kwenye kibati kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Pia ekseli za mbele na nyuma zina vipimo vyake. Springi mpya haibadilishi hata namba moja ya hizo. Gari lililozidishiwa likachuchumaa linakuonyesha ukweli. Gari lililozidishiwa likasimama wima limenyamaza tu. Punda wa Amu akizidishiwa hugoma katikati ya njia na hakuna wa kumsogeza. Gari halina adabu hiyo.

Nguvu ambayo springi imeizuia haijapotea. Imekwenda kwenye beringi za magurudumu, kwenye nyumba ya ekseli, kwenye breki na kwenye tairi. Soma ubavu wa tairi lako: baada ya ukubwa kuna namba ya mzigo. Namba 112 maana yake tairi hilo moja linabeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. 121 ni kilo 1,450. Tairi la gari dogo lililofungwa kwa sababu lilikuwa rahisi ndilo litakalopasuka kwanza, springi zako zikiwa salama salmini. Nyumba ya ekseli ikianza kupinda, matairi ya nyuma hulika upande wa ndani, jambo ambalo ekseli nzima isiyo na dosari haiwezi kulifanya.

Kubadilisha springi, kubadilisha shoki

Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi. Shoki iliyotengenezwa kwa ajili ya springi laini haina mkono wa kuizuia. Kwa hiyo zikipanda ugumu, shoki zibadilishwe nazo, ziwe za urefu unaolingana na kimo kipya. Shoki fupi kwenye gari lililoinuliwa hufika mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, na kichwa chake hung'oka. Kwenye njia ndefu za vumbi adui wa shoki ni joto: vile vituta vya bati huifanya ifanye kazi bila kupumzika, mafuta yake yanachemka na kutoa povu, na kwa muda huo ni kama huna shoki. Punguza mwendo, punguza upepo wa matairi kiasi, simama ikipoe. Ukiishika na ikakuchoma, hilo ni jambo la kawaida. Iliyo baridi wakati wenzake wana moto ndiyo iliyokufa.

Kufunga lifu: mahali mambo yanapoharibikia

Kazi ya lifu za nyuma ni ya nusu siku kwa watu wawili wenye vyombo. Jambo la kwanza, siku moja au mbili kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote. Kwa pwani hii nati za miaka kumi hazifunguki kwa maombi. Legeza nati za magurudumu, inua gari kwa jeki, simamisha chesisi juu ya stendi imara mbele ya viti vya springi, si kwenye ekseli. Jeki ya pili ishikilie ekseli. Toa magurudumu, fungua shoki chini, angalia mpira wa breki usije ukaning'iniza ekseli. Fungua yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoibana lifu kwenye ekseli, shusha ekseli taratibu hadi lifu isiwe na mzigo, kisha toa shekeli na mwisho pini ya jicho lisilosogea, yaani tundu la ncha ya mbele ya lifu.

Kabla ya kupachika mpya, ilaze chini kando ya kuukuu. Senta bolti haiko katikati kila mara. Upande mmoja huwa mrefu, na ukiigeuza springi ekseli itakaa mbele au nyuma ya mahali pake. Paka grisi bushi, zile pete zinazokaa ndani ya jicho, kama ni za kupakwa grisi. Pachika jicho lisilosogea, kisha shekeli, bila kukaza. Inua ekseli hadi kichwa cha senta bolti kiingie kikamilifu kwenye tundu lake. Kikikosa tundu na yubolti zikakazwa juu yake, springi imeanza kufa siku hiyo hiyo.

Yubolti ziwe mpya. Za zamani zimekwisha kuvutika kwa kukazwa, na hazishiki tena inavyotakiwa. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, ncha za nyuzi zitoke sawasawa pande zote, umalizie kwa spana ya kipimo kwa namba ya kitabu cha gari. Sasa kosa ambalo karibu kila banda hulifanya: pini za jicho na shekeli zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na limetikiswa mara kadhaa. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira wa bushi hushikwa mahali hapo; gari likishuka chini unasokotwa moja kwa moja, unapasuka kabla mwaka haujaisha, na springi hukaa juu kuliko inavyopaswa hadi siku mpira utakapokatika.

Kwa koili za ekseli nzima, yaani ya kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, mambo ni mepesi: fungua shoki, ekseli ishuke, koili itatoka yenyewe. Angalia tu ncha yake ikae kwenye kituo chake, na usome alama, kwani mara nyingi koili mbili za seti hazilingani. Ndefu huenda upande wa dereva. Koili zilizo pamoja na shoki ndani ya nguzo moja ni jambo lingine kabisa. Hizo hubanwa kwa kibano maalumu kabla ya nati ya juu kufunguliwa. Waya wa kufungia na kamba si kibano.

Ukiinua, umegusa vingine

Nyuma ya Land Cruiser na Hilux nyingi, kati ya chesisi na ekseli, kuna kifimbo kinachoendesha vali ya breki. Gari likikaa chini, vali huamini kuna mzigo na kuzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Likiinuka, huzipunguzia, maana gari tupu likifungwa breki kali nyuma hugeuka. Ukiinua gari milimita 50 kisha ukalipakia, vali bado inaona gari tupu. Breki za mbele zinafanya kazi ya wote, na mwenye gari anashangaa pedi zinaisha upesi. Mabano ya kifimbo hicho yarekebishwe kwa kadiri ya kimo kilichoongezeka. Ni kazi fupi, lakini husahaulika kuliko zote.

Mbele, kwenye gari la ekseli nzima na koili, kuinua huigeuza ekseli: usukani unapoteza tabia ya kujirudisha baada ya kona na gari linatangatanga barabara ya lami ya kwenda Mombasa. Ekseli pia husogea upande kidogo. Hadi milimita 50 huweza kusahihishwa kwa bushi zenye tundu la pembeni na fimbo ya upande inayorekebishika; zaidi ya hapo ni ujenzi mpya wa gari, na kwa anayebeba mzigo sioni faida yake. Gari la kimo kirefu lenye mizigo juu ya keria hupinduka mapema.

Chumvi

Kwa anayefanya kazi Gongoni, Marereni au mchanga wa Mambrui, springi hazifi kwa uzito peke yake. Maji ya chumvi huingia kati ya lifu na kukaa. Kwenye koili, rangi ikichubuka karibu na kiti cha chini, kutu huchimba kijishimo, na kijishimo hicho ndicho mwanzo wa ufa. Osha kwa maji matamu jioni ile ile, ukielekeza mpira kati ya lifu, si kwenye bodi inayoonekana. Mafuta machafu ya injini yanayopakwa kwenye lifu ili zisilie hushika mchanga na kuzisaga kama msasa. Bora vibao vya plastiki kwenye ncha za lifu, au ziache zilie.

Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza yubolti tena, kisha baada ya 500, kisha 1,000. Hulegea kwa kuwa lifu mpya na rangi yake hukaa. Usishtuke gari likishuka milimita 10 hadi 15 ndani ya kilomita hizo elfu. Ndipo lilipaswa kukaa. Hapo chukua tena ile tepu, pima magurudumu manne, na andika chini ya namba za kwanza. Mpangilio wa magurudumu ufanyike sasa, si siku springi zilipofungwa. Usiku wake, egesha gari likiwa na mzigo wake wa kawaida mbele ya ukuta na ushushe taa, kwa sababu tangu ulipoinua pua yake umekuwa ukiwamulika machoni wote wanaotoka Watamu.